Kabla ya Bustani, Ukuta wa Jirani

Mtaani kwetu, ndani kabisa ya Mji Mkongwe wa Unguja, pana kiwanja ambacho kila mtu ana mpango nacho isipokuwa wenyewe. Mwenye duka la nyuzi anataka ghala. Vijana wa pikipiki wanataka pa kulaza vyombo vyao. Mwalimu wa madrasa anataka darasa la pili, maana watoto wanasoma mpaka ngazini. Yule kijana anayetembeza wageni ameshakiona kiwanja kama mkahawa: meza nne, kanga ukutani, juisi ya ukwaju kwa bei ya dola. Bi mkubwa wa nyumba ya mkabala na yangu, ambaye namwita mama ingawa hakunizaa, anataka kitu kimoja tu, paka wapungue.

Mimi nami nina mpango wangu na nitausema. Lakini kwanza kiwanja chenyewe, kwa sababu wengi wanaokigawa mdomoni hawajawahi kuingia ndani ya yale mabati yaliyokizunguka.

Nyumba iliyokuwapo pale ilianguka kidogo kidogo, kama zinavyoanguka nyumba nyingi huku. Paa lilianza kuvuja, mvujo ukaozesha boriti, sakafu ya juu ikashuka juu ya sakafu ya chini, na masika moja ukuta wa mbele ukalala njiani usiku, saa ambayo kwa rehema ya Mungu hakuwapo mpita njia. Kifusi kilichoziba njia kikaondolewa. Kilichobaki ndani kikabaki. Ukichungulia kwenye mwanya wa bati unaona kilima cha mawe ya matumbawe na udongo mwekundu, mipapai miwili iliyojiotea, mwarobaini uliochomoza katikati ya ngazi, chupa za maji zisizo idadi, na godoro ambalo hakuna anayekubali kuwa lilitoka kwake.

Sasa inua macho. Ukuta wa upande wa kaskazini ni wa nyumba ya jirani, yule mama wa mkabala nami, ila sura yake ni ya vyumba ambavyo havipo tena. Rangi ya kijani ya chumba cha juu bado inaonekana. Chini yake pana safu ya matundu, moja moja kwa masafa yaliyo sawa, ndimo zilimoingia boriti. Zidaka tatu, vile vishubaka vya ukutani, ziko pale zimepangana vizuri, na kimoja bado kina masizi ya taa. Kwa kuhesabu hatua kutoka ukuta huu hadi mabaki ya ukuta unaofuata unajua chumba kilikuwa na upana gani, na ni upana ule ule wa chumba changu na wa chumba chako kama unakaa huku, kwa sababu boriti la mkoko haliendi mbali: mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, na anayeleta kitanda kipana cha kisasa huishia kukipandisha juu na kupitia dirishani.

Ukuta ule haukujengwa uonane na mvua. Ulikuwa ukuta wa ndani. Ndani yake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo, na plasta yake ilikuwa nyembamba, ya chumbani. Tangu nyumba ianguke, kila masika maji yanaingia kwa yale matundu ya boriti na kushuka ndani ya ukuta hadi chini, yakibeba udongo. Mwaka juzi mama wa mkabala alinionyesha ndani kwake doa la unyevu lililoanza ukubwa wa sahani. Sasa linashika nusu ya ukuta wa ukumbi. Nyumba yake imeegemeana na hii iliyoanguka tangu kabla hajazaliwa, na huku nyumba zinashikana kama watu waliopanga safu ya sala. Mmoja akitoka, pengo halibaki lake peke yake.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nimeusema barazani mpaka nimechokwa, ni huu: mjadala wa kiwanja kiwe nini hauna maana kabla ya kuziba ule ukuta. Tunaujua wote usemi wa usipoziba ufa. Tunausema harusini, tunausema kwenye siasa, na ufa wenyewe tunaupita kila siku tukienda sokoni Darajani.

Na kuziba kwenyewe kuna adabu yake. Alitokea msamaria mmoja akajitolea mifuko ya saruji. Tulimshukuru tukamwomba ainunulie madrasa mikeka. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wa matumbawe na haipumui. Unyevu na chumvi vinabaki nyuma yake, vinatafuna taratibu, halafu siku moja plasta inabanduka kama ganda pamoja na kipande cha ukuta. Mji huu umejaa nyumba zilizouawa na ukarabati wa haraka. Ukuta kama ule unataka chokaa iliyolazwa majini kwa miezi, mchanga safi usio wa bahari, na fundi mwenye subira. Mafundi hao wapo, wengi ni wazee, na bei yao si ya mchezo.

Wageni huniuliza inakuwaje kiwanja katikati ya mji wenye thamani namna hii kikae mabati miaka na miaka. Jibu fupi ni warithi. Jibu refu linaanzia mbali zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba mengi ya huku yalitaifishwa, wenyewe wengine wakaondoka, na nyumba ya familia moja ikaingizwa familia tano au sita zilizolipa kodi ndogo sana. Hakuna aliyejiona mwenye nyumba, basi paa likivuja kila mmoja anahamisha kitanda. Nyumba nyingine ni za wakfu, na kodi yake haikutosha hata kununua bati la jikoni. Nyingine zilibaki mikononi mwa watu binafsi, lakini mwenyewe alipofariki akaacha watoto tisa, na watoto tisa wakaacha wajukuu walioenea Maskati, Dubai, Dar es Salaam na Uingereza. Hakuna anayeweza kuuza bila mwenzake na hakuna anayetaka kutengeneza peke yake.

Mwaka 1992, wataalamu walipoyapitia majengo ya Mji Mkongwe moja baada ya jingine kwa ajili ya mpango wa uhifadhi, walihesabu zaidi ya majengo 1,700, na sehemu kubwa yake waliikuta katika hali mbaya. Mamlaka ya Mji Mkongwe ilikuwapo tayari, imeanzishwa 1985. Mpango ukatoka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Hayo yote yalisaidia. Nyumba zilizogeuzwa hoteli zilipata paa. Zilizobaki za kukaliwa na sisi, wenye kupika na kufua, zimeendelea kwenda moja moja. Tena hazijali umaarufu: Beit al-Ajaib yenyewe, jumba la 1883 lililokuwa kwenye kila kadi ya posta, lilianguka sehemu yake Desemba 25, 2020, mafundi wakiwa ndani kwenye matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Kama lile limeanguka, nyumba ya nyuma ya duka la nyuzi nani angeililia?

Kiwanja chetu ni cha warithi. Kinajulikana ni cha nani, na wenyewe wanapatikana. Wana hata kundi la WhatsApp, nami nimeingizwa humo na mmoja wao ambaye tulisoma skuli moja. Nimejifunza mengi mle. Nimejifunza kwamba watu waliotoka hapa wakiwa watoto wanakumbuka kisima kilichokuwa uani, wanabishana kama kilikuwa kulia au kushoto mwa ngazi, na ukitaja fedha kundi zima linakuwa na kazi nyingi.

Habari ya kisima ndiyo iliyotufanya tuache kuwaruhusu watoto kurukia ndani kufuata mpira. Hakuna anayejua kimefunikwa na kitu gani.

Sasa nirudi kwenye ile mipango ya watu, maana siikejeli. Nimekaa nikaifikiria mmoja mmoja.

Ghala halifai kwa sababu ya moto, na mwenye duka anajua, alikuwa anajaribu bahati. Pikipiki zingekuja zenyewe hata bila ruhusa. Ni tabia ya chombo cha moto kujaza nafasi isiyo na mwenyewe, na viwanja vyote vya pembezoni mwa mji, vile vinavyofikika kwa gari, vimeshageuka maegesho bila mtu kuamua. Chetu kimeokolewa na wembamba wa njia. Gari la hamali linapita kwa kulazwa ubavu. Darasa la madrasa lina haki kabisa, lakini darasa ni jengo, na jengo linataka msingi, kibali cha Mamlaka, urefu usiozidi majirani, na zaidi ya yote linataka warithi wakubali kuwa kiwanja chao kimeondoka. Hawatakubali, na mimi singekubali.

Mkahawa ndio uliopendwa na wengi, kwa sababu una fedha ndani yake. Mjini hapa gofu limewahi kugeuzwa mahali pa kulia wageni, chini ya nyota, kuta zimeachwa vile vile na mimea imepandishwa. Pamependeza, siwezi kukataa. Ninachouliza ni kimoja: pale mtaa unaingia saa ngapi? Shangani, pembeni ya jumba la kale la Mambo Msiige, palikuwa na uwanja wazi unaotazama bahari. Leo pana hoteli, imefunguliwa 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia iliuliza maswali na kuandika barua, hoteli ikasimama. Sina ugomvi na hoteli, nusu ya ukoo wangu unakula kupitia hoteli. Ila uwanja ukishapata mlango wenye mtu wa kukuuliza unamfuata nani, si uwanja tena.

Tunayo mifano yetu ya mahali palipofanikiwa. Forodhani ni mfano mkubwa. Palikuwa na mabanda ya forodha na reli, pakafanywa bustani mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka 25 ya Sultan Khalifa bin Harub, pakachakaa, ukuta wa bahari ukaanza kumeguka, pakatengenezwa upya na kufunguliwa 2009 kwa kazi ya Mfuko wa Aga Khan. Ukienda magharibi jua likizama utakuta watoto wanajirusha baharini kwa mitindo, na baadaye taa za wachoma mishikaki, urojo, miwa yenye ndimu na tangawizi. Wengine wanasifu usanifu. Mimi naona siri yake ni kwamba kila jioni wapo watu ambao riziki yao inategemea pale pawe safi na pawe na taa.

Mfano mdogo ni Jaws Corner, kule Sokomuhogo. Ukipima hakuna kitu pale: njia kadhaa zinakutana, baraza pembeni, muuza kahawa na jiko lake la makaa, bao, dhumna, runinga wakati wa mpira. Hakuna msanifu aliyepachora. Asubuhi mapema utamkuta mtu anafagia kwa fagio la chelewa na kumwaga maji vumbi litulie, na hakuna aliyemwajiri. Siasa za nchi hii zimekorogwa pale zaidi kuliko katika ofisi nyingi.

Lakini hapo ndipo penye mpango wangu. Jaws Corner ni pa wanaume. Baraza nyingi za mji huu ni za wanaume, hasa baada ya Alasiri. Mimi nikipita natoa salamu, naitikiwa kwa heshima zote, na naendelea na safari. Wanawake zamani tulikuwa na ua wa ndani na paa la juu. Nyumba zilipogawanywa vyumba, ua ukawa jiko la watu sita na paa likawa la matangi ya maji. Mama wa mkabala hukaa kizingitini mwake, nusu ndani nusu nje, akichambua mchele, na pikipiki ikipita anavuta miguu. Akitaka kupunga upepo wa kusi anapaswa kwenda mpaka Forodhani, na magoti hayamruhusu.

Basi mimi nataka ua. Kiwanja kisafishwe, kisima kitafutwe na kifunikwe kwa zege na wavu, kifusi kizuri kichaguliwe, kwa sababu mawe yale ya matumbawe ni mali na ndiyo yatakayojengea baraza mbili fupi za kukalia. Mtaro uchimbwe kandokando ya kuta maji yatoke njiani badala ya kunyonywa na misingi. Mwarobaini ung'olewe pamoja na mizizi. Dawa yake naijua na naiheshimu, lakini mizizi yake ndani ya ukuta wa chokaa ni patasi. Halafu tupande vya vikuba, yale mafungu madogo ya maua na majani ya kunukia: asumini, mrehani, mkilua. Na mchaichai pembeni kwa ajili ya chai na mbu.

Nilipousema huu mpango kuna walionicheka, wakadhani ni maua ya kupamba. Mwenye kujua bei ya asumini siku za harusi hacheki. Karibu yetu wapo kina mama wanne wanaofunga vikuba na kuvipeleka kwa maharusi, na malighafi yote wananunua kutoka shamba, inafika imechoka. Kikwazo ni udongo. Pale chini ni chokaa na vumbi la matumbawe, na si kila mmea unaupenda. Mpapai umejiotea lakini asumini itachagua. Kwa hiyo tutapanda kwenye madumu na mapipa yaliyokatwa, kwa udongo wa kuletwa na samadi, na hilo lina faida nyingine: madumu yanahamishika.

Kuhamishika ndiko kulikofungua midomo ya warithi. Hofu yao, na ni hofu ya haki, ni kwamba mtaa ukishaingia hautoki. Wamesikia habari za viwanja vilivyokopeshwa kwa wema vikarudi na kesi. Kwa hiyo tuliandika karatasi moja, kwa Kiswahili cha kueleweka: matumizi ni ya muda, hakuna jengo, hakuna kodi, hakuna anayepata haki yoyote kwa kukaa, na warithi wakitaka kujenga tunapewa miezi mitatu tuondoe madumu yetu. Upande wetu tunaahidi usafi, mtaro na ukuta. Sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, ameisoma na kutaka neno moja libadilishwe. Kibali cha Mamlaka kinaombwa sambamba, maana hata plasta ya chokaa mjini hapa haipigwi kimya kimya.

Saini zinakuja polepole. Mrithi wa Dar es Salaam alitia siku ile ile. Wa Uingereza anataka mwanasheria aone kwanza. Mzee wa Maskati, ambaye ndiye mkubwa wao na ndiye wanayemsikiliza wote, hakujibu kitu kuhusu karatasi. Alituma sauti ya dakika sita akieleza kisima kilikuwa wapi. Kilikuwa kushoto, chini ya ngazi, na kina hatua tatu za kushukia. Siku mbili baadaye akaandika: nimekubali, ila lango lisifungiwe watoto wakati wa sikukuu.

Lango ndilo linalotugombanisha sasa. Bila lango godoro litarudi, na pamoja nalo mambo mengine ya usiku ambayo sote tunayajua. Lango likiwepo, ufunguo uwe wa nani? Mwenye duka yuko karibu lakini anafunga Adhuhuri na anasahau. Vijana wanasema wakae nao wao kwa sababu ndio watakaobeba kifusi, na kweli ndio watakaobeba. Kina mama wanataka saa zao, baada ya Alasiri mpaka Magharibi, bila karata na bila spika. Vijana wakasema usiku basi ni wetu. Mama wa mkabala akasema usiku ni wa kulala. Nilipendekeza funguo mbili na ubao wa saa, nikaambiwa nimeleta mambo ya ofisi, lakini hakuna aliyeleta jingine.

Wakati hilo linasubiri, kazi haisubiri. Masika hayaulizi nani ana ufunguo. Kijana wa wageni, yule wa mkahawa, amejitokeza kuwa mwanamume wa kazi. Ametafuta fundi wa chokaa, mzee mwenye miaka sabini na kitu, akaja naye. Mzee aliugonga ule ukuta kwa kifundo cha kidole, kutoka chini hadi alipofika mkono, akisikiliza. Alisema sehemu ya juu kulia imeachana kwa ndani na itafunguliwa, kwingine kunaponyeka. Matundu ya boriti yazibwe kwa vipande vya matumbawe na chokaa, kimoja kimoja, juu kwenda chini. Zidaka tusizizibe, tuzipige chokaa tu na kuzipa mteremko kidogo maji yasitue. Akataja bei ya kazi yake, akataja mapipa ya chokaa, akanywa kahawa, akaondoka.

Fedha ya fundi tumeipata, kwa michango ya mtaa na mchango mnono kutoka Maskati. Chokaa bado. Ijumaa hii baada ya Alasiri tunakutana barazani kwa sheha, na ajenda ni hiyo tu. Mwenye duka la nyuzi amesema atatoa pipa la kwanza, kwa sharti kwamba kifusi kikianza kuondolewa kisipitishwe mbele ya duka lake saa za biashara.